Usiku Tuliokwenda Kumtazama Muaddib

Hapana shaka wako miongoni mwa wasomaji wetu watakaostaajabu kumwona mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwenye mvi ndevuni na watoto zaidi ya arobaini wanaomngojea kila alasiri juu ya mikeka, akizitumia kurasa za gazeti hili kusimulia habari za sinema. Nasi hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulisita muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Walakini jambo lililotupata usiku ule lahusu watoto wa watu tuliokabidhiwa, na kunyamaza nalo kumetuwia kuzito kuliko kulisema.

Na tukiri kwanza kwamba sisi twapenda sinema. Si zote, na si kila saa, wala hatumshawishi kijana yeyote aache sala yake au achukue fedha ya mama yake akatazame picha, lakini twazipenda. Mapenzi hayo yalituingia udogoni, jirani yetu mmoja aliporudi kutoka Ghuba na mashine ya video na ukanda mmoja tu, nao ni ule wa Ar-Risala, picha iliyotoka mwaka 1976, aliyoitengeneza Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Shamu. Ni picha ya habari za Mtume wetu (S.A.W.) ambamo Mtume mwenyewe haonekani wala sauti yake haisikiki. Ua wa jirani ulijaa watu hata wengine wakatazamia dirishani. Hamza alipoanguka katika Uhud, bibi yetu, ambaye hakujua hata neno moja la lugha iliyosemwa mle, alijifunika uso kwa kanga akalia. Siku hiyo tulijua kwamba picha yaweza kumfikisha mtu mahali ambapo mawaidha ya saa mbili hayakumfikisha.

Picha tuliyokwenda kuitazama safari hii haihusu dini yetu, au ndivyo tulivyodhani. Ni Dune, sehemu ya pili, aliyoiongoza Denis Villeneuve, mtu wa Kanada, kutokana na kitabu cha Mmarekani Frank Herbert kilichochapishwa mwaka 1965. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 2021, nasi tuliiona mwaka uliofuata katika kompyuta ya mpwa wetu, mara mbili katika juma moja, na mara ya pili tuliitazama peke yetu, mlango umefungwa.

Kwa yule asiyeijua, kisa ni hiki kwa ufupi. Katika zama za mbali mno zijazo iko sayari iitwayo Arrakis, jangwa tupu lisilo na mvua, na katika mchanga wake hupatikana kiungo kimoja ambacho bila hicho vyombo haviwezi kusafiri baina ya nyota. Kwa hivyo kila mwenye nguvu aitaka. (Sisi watu wa pwani, ambao babu zetu waliona merikebu zikija kwa ajili ya viungo, hatukuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.) Wenyeji wa jangwa hilo huitwa Fremen. Kijana mmoja, Paul wa ukoo wa Atreides, anafika huko pamoja na wazazi wake. Baba anasalitiwa na kuuawa, na mwana na mama yake Jessica wanakimbilia jangwani kwa hao Fremen. Hapo ndipo sehemu ya kwanza ilipotuacha, nasi tukakaa na kiu. Ya pili ilitazamiwa Novemba 2023, kisha ikaahirishwa kwa ajili ya mgomo wa waigizaji wa Hollywood. Sisi ambao hatujapata kugoma maishani tuliudhika sana na mgomo wa watu wasiotujua.

Kilichotunasa tangu awali ni maneno. Kiingereza chetu ni cha shule ya msingi, na katika sehemu kubwa ya picha twategemea minong'ono ya mpwa wetu. Lakini Fremen wanaposema, mara husikia neno kama kwamba limetoka chuoni kwetu. Kiongozi wanayemngojea wamwita Mahdi. Wamwita pia Lisan al-Gaib, na picha yafasiri kuwa ni sauti itokayo ulimwengu wa nje. Lakini mtoto wetu yeyote atakwambia kwamba lisani ni ulimi, na ghaibu ni yale yaliyofichika. Joka kubwa la mchangani wamwita Shai-Hulud, na ndani ya jina hilo mna kitu na mna umilele. Wapiganaji wao ni Fedaykin, yaani fidaiyina, wenye kujitoa roho. Paul hupewa jina la siri, Usul, nasi twalijua neno usuli. Hapo mambo yaligeuka, ikawa mpwa wetu ndiye atuulizaye na sisi ndio tunong'onao.

Na jina ambalo Paul anajichagulia mwenyewe ni Muad'Dib. Katika hadithi ni jina la panya mdogo wa jangwani, mwenye masikio makubwa, ajuaye kuishi pasipo maji. Lakini kitabu chaeleza kwamba panya huyo huitwa pia mwalimu wa wavulana, na hiyo ndiyo maana iliyo karibu na asili yake, kwani muaddib kwa Kiarabu ni mtu afundishaye adabu, mlezi wa watoto wa watu. Basi msomaji na aone: muaddib ni sisi. Ndiyo kazi yetu kwa miaka thelathini. Mpwa wetu, tangu siku aliyolijua hilo, hutuita "Mjomba Muaddib", nasi twajifanya kukasirika.

Basi mapema mwezi wa Machi 2024, siku chache kabla ya Ramadhani, tulipanda basi la alfajiri kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Nyumbani tuliaga kwamba twakwenda kumzuru mpwa wetu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Tulisali Isha katika msikiti ulio karibu, kisha tukaingia katika jengo la maduka ambalo juu yake ndiko iliko sinema. Ukumbi ni wa baridi kali, na vijana wamejaa na makopo yao ya bisi. Miongoni mwa watu wote mle hatukuona mwingine mwenye kofia na kanzu. Binti mmoja alitupisha kwa heshima akasema, "Shikamoo, babu," nasi tukaitikia, ingawa twadhani umri wetu haujafika huko.

Picha ile ina dakika 166, na twasema kweli, saa ya kwanza hatukukumbuka kama tuna miguu. Mchanga ule si wa kuchorwa. Walikwenda kuupiga picha Wadi Rum katika nchi ya Jordan, na katika jangwa la Abu Dhabi, na mtu auona upepo ukiubeba mchanga kutoka ncha ya kilima hata ajisikie kukuna macho. Muziki wake, alioutunga Hans Zimmer, hausikiki kwa masikio tu bali hupiga kifuani kama ngoma iliyo chumba cha pili.

Kisha likaja lile la joka. Kwa Fremen, kijana hawi mtu mzima mpaka ampande huyo Shai-Hulud, ambaye urefu wake ni mamia ya mita na kinywa chake chaweza kumeza jengo. (Kwa haki yeye ni mnyoo, si nyoka, lakini hatukuweza kumwita mnyoo kiumbe mwenye haiba ile.) Paul anasimika mtambo mdogo unaopiga mchanga kwa mdundo mmoja, dum, dum, naye anakaa juu ya kilima angojee. Kwa mbali mchanga unaanza kuinuka kama wimbi. Kijana anakimbia ukingoni, kilima chote kinaporomoka chini ya nyayo zake, aanguka pamoja nacho, vumbi lafunika kila kitu, na kwa kitambo hatuoni ila vumbi. Kulabu zake zimeshika. Anaburutwa, anajivuta, anasimama. Sisi tulikuwa tumeshika mkono wa mpwa wetu kwa nguvu hata kesho yake alituonyesha alama za kucha.

Na yale maji. Mtu akifa kwa Fremen, maji yaliyo mwilini mwake hukamuliwa, huchukuliwa kwa heshima, humiminwa katika birika kubwa lililo chini ya majabali, na hata mtu akifa kwa kiu hathubutu kunywa humo, kwa kuwa ni roho za wafu wao na ni akiba ya siku ambayo jangwa litarudi kuwa bustani. Sisi twamwosha maiti kwa maji; wao wamtoa maiti maji. Tulikaa kimya hapo. Tulikumbuka bomba la chuoni kwetu linavyoachwa wazi na watoto wakishatawadha, likitiririka mpaka njiani, na tukaona aibu mbele ya watu wasiokuwapo.

Si yote yaliyotupendeza. Katika kitabu, kwa alivyotusimulia mpwa wetu, miaka hupita kati ya vita na vita, na Alia, dadake Paul, anazaliwa na kusema kama mtu mzima. Katika picha mtoto bado yumo tumboni, na vita vyote vimekwisha kabla ya mama hajajifungua. Twaona wameharakisha. Ile sayari ya maadui ambako jua ni jeusi na rangi zote zimetoweka husifiwa sana, lakini sisi hapo tulisinzia kidogo, na tusamehewe. Lingine lilituudhi zaidi. Watu hawa wanasujudu, jangwa ni la Jordan, maneno ni ya Kiarabu, na Waarabu wenyewe katika wahusika wakuu wahitaji kutafutwa kwa taa. Na lile neno jihadi, ambalo Herbert alilitumia waziwazi kitabuni mwake, wameliondoa, pahala pake wakasema vita vitakatifu. Mpwa wetu asema wamefanya hivyo kwa heshima. Sisi twaona wamefanya kwa woga.

Huenda msomaji akauliza: je, si kufuru kuona jina la Mahdi katika upuuzi kama huu? Tulijiuliza nasi. Katika hadithi hiyo liko kundi la siri la wanawake, naye Jessica ni mmoja wao, ambalo zamani lilipanda miongoni mwa Fremen simulizi za mwokozi ajaye, ili siku wakihitaji kimbilio waikute imani hiyo imeshaota mizizi. Hiyo ni hila ya watu, na picha yaionyesha kuwa ni hila. Habari za Mahdi wetu zimo katika Abu Daud na Tirmidhi, wala hazikuletwa na Jessica. Na juu ya ulimi wa ghaibu, Mtume wetu mwenyewe katika Surat al-An'am aliamrishwa awaambie watu kwamba yeye haijui ghaibu ila anafuata anayofunuliwa. Kwa hivyo hatukuona kwamba dini yetu imetukanwa. Tuliona jambo jingine, nalo lilianza kwa kicheko.

Yumo katika picha mzee mmoja wa Fremen, Stilgar, aliyeigizwa na Mhispania Javier Bardem. Ndiye anayempokea Paul, anamfundisha kutembea jangwani, na hata anamwonya juu ya majini wanaonong'ona usiku. Tulimpenda papo hapo. Ana sauti ya mzee wa msikitini, anapenda mzaha, na ana imani isiyotikisika kwamba kijana huyu ndiye. Kila afanyalo Paul, Stilgar analiona kuwa ni dalili. Akishinda, imeandikwa. Akishindwa, imeandikwa vilevile. Paul anapowaambia watu waziwazi kwamba yeye si Mahdi, Stilgar anageuka kwa furaha na kuwaeleza kuwa Mahdi wa kweli ni mnyenyekevu mno hata hawezi kujitaja, na hiyo basi ni hoja nyingine. Ukumbi mzima ulicheka. Sisi tulicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa tumewaona wazee wa namna hiyo.

Kicheko kilikatika katikati. Tulimkumbuka mtoto mmoja.

Mwaka 2007 alikuwako chuoni kwetu mvulana wa miaka kumi na mmoja. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mama yake yu hai. Alikuwa na hifdhi ya ajabu. Sura tuliyomsomea Jumamosi aliirudisha Jumatatu bila kukosea herufi. Siku moja tulikuwa tukiwasimulia watoto alama za Kiyama, tukafika kwa Mahdi, naye akainua mkono. Akauliza: mtu akija akisema yeye ndiye, tutamjuaje kuwa hasemi uongo?

Tulimjibu kwamba Waumini watamjua. Akasema, lakini na wale waliofuata waongo, nao si walidhani wamejua? Watoto wengine wakacheka. Tukaona heshima yetu imeguswa. Tukamwita mbele, tukampiga bakora nne, tukawaambia wote kwamba mwanafunzi mbele ya mwalimu wake ni kama maiti mbele ya mwosha, hageuki ila anapogeuzwa. Tukaendelea na somo.

Msomaji na atufahamu. Swali lile lilikuwa na jibu, na jibu tulikuwa nalo. Tulijua habari za Muhammad Ahmad wa Sudani, aliyejitangaza Mahdi mwaka 1881, akauteka mji wa Khartoum mwanzoni mwa 1885, naye akafa mwaka huo huo, na dunia ikabaki kama ilivyokuwa. Tulijua habari za siku ya kwanza ya Muharram ya mwaka 1400, yaani Novemba 20, 1979, ambapo Juhayman al-Utaybi na watu wake waliingia na silaha katika Msikiti Mtukufu wa Makka, wakafunga milango, wakamtangaza kijana mmoja, Muhammad al-Qahtani, kuwa ndiye Mahdi, na damu ikamwagika muda wa majuma mawili mahali ambapo hata ndege hawindwi. Na yule Mahdi wao akauawa mlemle. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomaji wa Hadithi. Dalili walizilinganisha moja moja, jina lake na jina la baba yake, zikawatimia. Tungeweza kumweleza mtoto yule haya yote. Tungeweza kumwambia kwamba Nabii Ibrahim alimwuliza Mola wake namna anavyohuisha wafu, na Mola hakumpiga. Tumezisomesha aya hizo za Baqara kila mwaka. Hatukumweleza kwa sababu kulikuwa na joto, na watoto walicheka.

Hakuuliza tena. Alitoka chuoni mwaka 2012 akiwa kijana mwenye adabu kuliko wote, na sisi tulikuwa tukimtolea mfano. Kisha wakaja watu katika mtaa wetu, wakawa wanakaa na vijana baada ya Isha, na mmoja wao alikuwa mfasaha sana. Kijana wetu alimsikiliza kama tulivyomfundisha kusikiliza. Usiku mmoja wa mwaka 2015 aliondoka. Wengine wasema alikwenda kaskazini, wengine kusini, ng'ambo ya mpaka. Mama yake amepokea simu moja tu, miezi mitatu baada ya kuondoka, naye hakuweza kuwaeleza watu aliambiwa nini.

Haya yote yalitupitia kichwani wakati wenzetu wakimcheka Stilgar, na toka hapo hatukuweza kumcheka tena. Tulimtazama uso wake. Anazidi kuwa mdogo kadiri picha inavyokwenda. Mwanzo alikuwa mwalimu na rafiki. Mwisho ni mtu wa kupiga magoti.

Yumo mmoja tu asiyepiga magoti, binti Chani, aliyeigizwa na Zendaya. Yeye ampenda Paul kama mtu, wala hamtaki kama nabii, na awaambia watu wake kwamba simulizi za mwokozi ndizo minyororo waliyofungwa nayo, kwani anayengojea mwokozi hukaa akingoja karne na karne. Mpwa wetu atwambia kwamba kitabuni Chani si mkaidi hivyo, wamemgeuza. Kwa hili, sisi tunaolalamikia kila walichogeuza, twasema wamefanya vema. Tulimkumbuka Khaula binti Thaalaba, aliyejadiliana na Mtume juu ya mumewe, akashtaki kwa Mola wake, na Mola akamsikia, na sura nzima ikaitwa kwa jina la majadiliano yale.

Mwishoni Paul anakwenda kusini, ambako imani ni kali zaidi, baada ya kukataa muda mrefu kwa kuwa ameona katika ndoto maiti wasiohesabika wakifa kwa jina lake. Anasimama mbele ya maelfu na kuwatajia siri zao za ndani. Watu wanaanguka kifudifudi. Anamshinda mfalme, anamposa binti wa mfalme mbele ya macho ya Chani, na koo nyingine zinapokataa kumtambua anawaamuru watu wake wawapeleke peponi. Wale vijana wa jangwa, ambao saa mbili zilizopita tuliwaona wakichekeana na kugawana maji, wanakimbilia vyomboni huku wakipiga kelele za furaha, na Stilgar yumo mbele yao.

Hapo tulifanya jambo ambalo mpwa wetu hajatusahaulia. Tulisimama. Katika giza lile, na watu nyuma yetu, tulisimama na kusema kwa sauti, "Wasiende!" Mtu mmoja akatuambia, "Kaa chini, mzee." Mpwa wetu akatuvuta kanzu. Tulikaa. Picha ilimalizika na Chani peke yake jangwani akimngojea joka ampande aondoke, na taa zikawashwa.

Tulipotoka nje palikuwa na joto la usiku wa Dar es Salaam na honi za bajaji. Tulikaa juu ya ukuta wa jengo lile, mpwa wetu akatununulia maji ya chupa, nasi tukayanywa yote bila kumwaga tone. Akatusimulia yaliyomo katika kitabu cha pili cha Herbert, kilichotoka mwaka 1969, ambamo miaka kumi na miwili imepita, na Paul mwenyewe akihesabu waliokufa katika jihadi yake asema ni watu bilioni 61. Naye Paul katika kitabu hicho hajivunii. Imetangazwa kwamba kitabu hicho ndicho kitakachokuwa sehemu ya tatu ya picha, nayo ilipangiwa Desemba 2026.

"Mjomba," akatuuliza, "ulikuwa ukimwambia nani pale?"

Tulimjibu kwa habari nyingine. Tulimwambia habari za Moustapha Akkad, yule wa Ar-Risala. Novemba 2005 alikuwa katika hoteli moja mjini Amman, katika nchi ile ile ya Jordan ambayo mchanga wake tulikuwa tumetoka kuutazama. Vijana waliojifunga mabomu waliingia katika hoteli tatu usiku mmoja. Binti yake Rima aliuawa, naye baba akafa kwa majeraha baada ya siku mbili. Mtu aliyeufanya ulimwengu mzima umlilie Hamza aliuawa na watu waliodai kwamba wanapigana kwa ajili ya dini ya Hamza. Nao walikuwa na walimu. Kila mmoja wao aliketi juu ya mkeka wa mtu fulani akifundishwa alifu na be. Mpwa wetu alinyamaza, kisha akasema tuondoke, kumekuwa usiku.

Tulirudi Tanga, na Ramadhani ikaingia. Mama wa kijana yule ana desturi ambayo hajaiacha tangu mwanawe akisoma kwetu: kila mwaka, Ramadhani mosi, huleta sufuria ya uji wa pilipili manga chuoni, wafuturu watoto. Kwa miaka tisa tumeupokea uji huo kutoka mikononi mwake, tumemwombea dua mwanawe mbele yake, na kumwambia ni qadari. Tulikuwa hatujamwambia neno juu ya zile bakora.

Safari hii, watoto waliposhuka kwenda kusali Magharibi, tulimwomba asubiri. Tulimweleza swali aliloliuliza mwanawe, na jinsi lilivyokuwa swali zuri, na tulivyomfanya. Tulimwambia kwamba tangu siku hiyo tuliufunga mdomo wake, na kwamba yule mfasaha alipokuja baadaye aliukuta umefungwa tayari. Hatukumtajia sinema, asingeelewa, na isingefaa.

Alisikiliza huku akifuta ukingo wa sufuria kwa ncha ya kanga. Hakulia wala hakutulaumu. Kisha akasema:

"Alinieleza siku ile ile, Maalim. Alikuja na alama miguuni, nikamwuliza umefanya nini, akanambia nimeuliza. Nikachukua kiatu nikamwongeza."

Akaifunika sufuria, akasema kesho ataleta sukari zaidi kwa kuwa watoto wameona uji umepoa utamu, akavaa viatu vyake mlangoni.